Mawe Meupe ya Bwana Afya

Mwaka ule mawingu yalipita juu ya nyika bila hata kusalimia. Mito ikakauka, madimbwi yakakauka, na umande ukawa habari ya kusimuliwa. Wanyama walitangatanga wakilamba mchanga, mpaka wakaikuta chemchemi moja ikitiririka polepole kutoka mwambani. Wakajenga hapo. Pakawa kijiji, kijiji kikawa mji, na siku moja Simba akapanda juu ya mwamba akautangaza mji kuwa jiji. Jiji la Nyika. Wakazi walitazama huku na huku waone kilichoongezeka. Hawakuona kitu ila taka.

Maji ya chemchemi yalishuka kwa mfereji mwembamba hadi kwenye shimo la jiwe, shimo dogo mfano wa sufuria. Likijaa, mmoja alikunywa, kisha wote wakangoja lijae tena. Ndiyo maana wakaweka desturi. Alfajiri kila mnyama alikuja na jiwe lake moja, akalipanga kwenye foleni kando ya mfereji, akaenda zake malishoni. Jiwe lilimshikia nafasi. Zamu yake ikikaribia alirudi, akanywa, akabeba jiwe lake akaondoka. Jiwe la Kobe lilikuwa bapa, la Nyani jeusi na laini kwa kuchezewachezewa, la Swala dogo lenye mstari mwekundu. Jiwe la Simba lilikaa mbele daima, hata siku alizokuwa hana kiu. Hakuna aliyegusa jiwe la mwenzake. "Jiwe lako ni wewe," walisema, na hata wezi wa mayai waliiheshimu desturi hiyo.

Lakini Nyani alikula matunda akiwa juu ya mti, na maganda yakaanguka yalikotaka. Sungura alikula kunde akatema maganda yake akitembea. Ngiri alichimba mizizi akaacha vifusi. Simba alikula alichokula, mifupa ikabaki. Upepo ukavuma, vyote vikateremkia mferejini, mfereji ukaziba. Maji yakapanda kingo yakamwagika mchangani, na mchanga haujui kushiba. Shimo lililokuwa likijaa kwa muda wa kupiga mwayo sasa lilijaa kwa muda wa kulala na kuota ndoto. Walio nyuma ya foleni wakawa wanarudi nyumbani na kiu yao.

Mmoja wao alikuwa Swala. Alizaa katikati ya ukame, na mwanawe alikuwa bado hajajua majani. Alijua maziwa ya mama tu.

"Nikinywa, ananyonya," Swala aliwaambia wenzake. "Nisipokunywa, nitamlaza na nini?"

Hapo ndipo Simba alipoitisha baraza la jiji. Jambo la kujadili lilikuwa moja: mtupa taka apewe adhabu gani? Madiwani walihudhuria wote, kwa kuwa kulikuwa na posho ya nyama na matunda. Kabla kikao hakijafunguliwa, chini kote kulikuwa mifupa na maganda.

"Waheshimiwa," Simba alianza, huku akiusukuma mfupa kwa nyuma ya mguu, "jiji letu limechafuka. Nani aliyelichafua, sijui. Ninachotaka ni adhabu."

Nyani alisimama wa kwanza, kwa kuwa Nyani husimama wa kwanza hata pasipo na la kusema. "Mheshimiwa Mwenyekiti, mimi napendekeza semina. Wananchi hawana elimu. Tuwakusanye, tuwaelimishe, na wakati wa mapumziko kuwe na ndizi."

"Na maganda ya ndizi hizo?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Hayo yatajadiliwa kwenye semina ya pili."

Ngiri alitaka mkosaji achapwe. Simba alitaka akatwe mkia, kisha akakumbuka kwamba na yeye anao, akaliondoa pendekezo. Kobe, aliyekuwa diwani wa kata ya mabondeni, aliinua shingo taratibu.

"Mimi naona," akasema, "aliyetupa aokote."

Wakamngoja aendelee.

"Basi?" Simba akauliza.

"Basi."

Baraza zima likacheka. Nyani akashika mbavu. "Mzee Kobe, tumekaa hapa tangu asubuhi, tumekula, tumekunywa, halafu uamuzi uwe ni kuokota? Tutawaambia nini waliotuchagua?"

Kobe akarudisha shingo ndani.

Ndipo Fisi akasimama. Alikuwa amesafisha meno, ameinamisha kichwa, na sauti yake ilikuwa laini kama mafuta. Fisi akiwa mpole, mwenye mbuzi ahesabu mbuzi wake.

"Mheshimiwa Simba, simba wa masimba, mimi ni mnyonge tu. Lakini nimefikiri. Mtupa taka anatuibia nini? Maji. Basi na yeye anyimwe maji. Atakayekamatwa apoteze zamu yake mpaka mwezi mpya uandame."

Baraza likatikisa vichwa kukubali. Adhabu ilikuwa kali, na adhabu kali huonekana kama kazi iliyofanyika.

"Na zamu yenyewe iende wapi?" Kobe akauliza kutoka ndani ya gamba.

"Ah, hilo ni dogo," Fisi akasema. "Iende kwa aliyemkamata. Iwe asante yake. Nani atakubali kuchungulia uchafu wa wenzake bure?"

"Nilikuwa nimeshalifikiria hilo," Simba akasema.

"Lakini taka ni nini?" Nyani akadakia, maana aliona mambo yanaelekea kwenye mti wake. "Ganda, kwa mfano, si taka. Ganda ni mbolea inayosubiri."

"Na kifusi ni udongo," akasema Ngiri. "Udongo ulikuwapo kabla yetu."

"Na mifupa yangu?" Simba akauliza. Hakuinua sauti.

"Mifupa yako, Mheshimiwa, ni kumbukumbu," Fisi akajibu haraka. "Watoto wetu wataitazama na kujifunza historia. Ndiyo maana nimeipanga sheria kwa maneno yasiyo na tundu. Sikilizeni. Taka ni kitu chochote, kikubwa au kidogo, kilichoachwa njiani au kando ya mfereji, na mwenyewe hayupo pale kilipo. Isipokuwa cha Mheshimiwa Simba."

Sungura alikuwa amekaa na wananchi pembeni, akitafuna kunde. Masikio yake yakasimama.

"Bwana Fisi, umesema chochote?"

"Chochote."

"Si chochote kinachonuka, au chochote kinachoziba?"

Fisi akamtazama kwa huruma. "Sungura, ndugu yangu, ninyi wenye akili nyingi ndio mnaoharibu sheria. Tukianza kuchagua, mwizi atapita katikati ya maneno. Chochote ni chochote."

"Nimeelewa," Sungura akasema, akatema ganda.

Hoja ikapita. Na kwa kuwa aliyeipika ndiye anayejua chumvi yake, Fisi akateuliwa kuwa Bwana Afya wa jiji.

Asubuhi iliyofuata alipita mitaani kifua mbele, akiimba:

"Taka ni taka, haina kaka,
ukiiacha, nakudaka."

Wa kwanza kudakwa alikuwa Sungura, kwa lile ganda la kunde alilotema kikaoni. Hakubisha, kwa kuwa lilikuwa lake. Fisi akaliondoa jiwe la Sungura kwenye foleni na kuweka lake, jiwe jeupe la chokaa alilolitoa pangoni kwake. Wa pili alikuwa Nyani mmoja wa ukoo wa yule diwani, na yeye alistahili. Watu wakasema, mbona sheria inafanya kazi.

Kisha wachafu wakaogopa. Waliokula juu ya miti wakashuka na maganda mkononi. Ngiri akafukia vifusi. Mfereji ukaanza kupumua, na kwa siku chache jiji likawa safi kweli.

Fisi hakupenda. Bwana Afya katika mji safi ni kama chambo katika mto mkavu. Akaanza kutoka nyumbani mapema na kikapu kimejaa, na kurudi kikapu kitupu. Kabla ya sheria, taka zilikuwa za wachafu. Baada ya sheria, zikawa za serikali.

Ikafika zamu ya Swala. Alikuwa amemlaza mwanawe kivulini kando ya mfereji, akaenda hatua chache kung'ata majani makavu. Aliporudi, Fisi alikuwa amesimama hapo, na mbele yake mfupa wa paja.

"Bi Swala, mfupa huu ni wako."

"Mfupa?" Swala akashangaa. "Bwana Afya, mimi nakula majani."

"Wengi huanza hivyo hivyo."

"Mama yangu alikula majani. Bibi yangu alikula majani."

"Ndiyo maana ukautupa. Ungekuwa unakula mifupa, ungeumaliza." Fisi akaugeuza mfupa kwa ukucha. "Mimi hapa naweza kujitetea, maana mimi sibakishi. Wewe utajiteteaje?"

Swala akaenda kwa Simba, akapiga magoti, akaeleza. Simba alisikiliza huku akitazama kivuli cha manyoya yake ukutani.

"Mfupa ulikuwapo?" akauliza.

"Ulikuwapo, Mheshimiwa."

"Na wewe hukuwapo?"

"Nilikuwa hatua chache tu."

"Basi sheria imetimia. Mimi nafanyaje, mama? Sheria tulipitisha wote."

Jiwe dogo lenye mstari mwekundu likatupwa vichakani. Mahali pake pakakaa jiwe jeupe.

Jioni ile Kobe, zamu yake ilipofika, alikunywa nusu ya shimo, nusu akamwachia Swala. Fisi aliona. Siku iliyofuata akamsimamisha njiani.

"Mzee Kobe, mgongoni kwako kuna ganda la ndizi."

"Sijui limefikaje."

"Mnasikia?" Fisi akawageukia wapita njia. "Hajui. Ganda liko nyuma, macho yake yako mbele. Kwa hiyo lilipo ganda, mwenyewe hayupo."

"Lakini mgongo ni wangu."

"Mgongo hatuukatai. Tunazungumzia ganda."

Jiwe bapa la Kobe nalo likaondoka. Baada ya hapo, mwenye huruma akajifunza kuificha, na Swala akawa analamba mawe ya mferejini palipokuwa na unyevu. Mawe meupe yakaongezeka. Ukisimama kwa mbali ukaitazama foleni, ilionekana kama taya lililojaa meno.

Fisi mwenyewe hakusimama foleni. Alilala kivulini, tumbo juu, mawe yakimshikia nafasi. Zamu ikifika, aliamka, akanywa, akarudi kulala. Ikifika nyingine, aliamka, akaoga. Asizoweza kuzimaliza alibadilishana na Mbweha kwa vipande vya nyama. "Jiwe lako ni wewe," alimwambia Mbweha akicheka. "Hebu tazama. Mimi ni wengi."

Siku moja mchana Swala alimfuata Sungura kwenye kichaka chake cha miiba. Sungura alikuwa anatafuna mzizi ili apate majimaji, amefumba macho.

"Kaka Sungura, umelala?"

"Nimefumba macho nisione nilivyo na kiu."

"Mwanangu leo hakulia."

"Si afadhali? Mtoto mtulivu ni baraka."

"Hakulia kwa sababu hana sauti ya kulilia."

Sungura akafumbua macho. Akautema mzizi.

"Foleni ya leo umeionaje?"

"Nyeupe."

"Na mwenye mawe?"

"Amelala kivulini. Kila siku analala. Kwani asimame wapi, na mawe yote yale?"

Sungura akaketi wima. "Rudia, dada."

"Nirudie nini?"

"Hilo la asimame wapi."

"Asimame wapi, na mawe yote yale," Swala akarudia, asielewe.

Sungura akaanza kucheka peke yake, cheko la chini chini, cheko la mtu aliyeona mlango kwenye ukuta. "Mnyonyeshe hata tone," akasema. "Kesho mlete mtoto kwenye foleni."

Jioni ile alipita nyumba kwa nyumba kwa wale waliobakiwa na zamu. Kila mmoja alimwambia neno moja. "Kesho usiende malishoni. Simama na jiwe lako, miguu iliguse."

"Nisimame jua lote hilo kwa nini?" Nyani diwani akauliza.

"Simba anakagua jiji. Aliyesimama ataonekana."

"Ataonekana?" Nyani akajipangusa kifua. "Nitafika kabla ya jogoo."

Simba mwenyewe ndiye aliyekuwa wa mwisho kupitiwa. Sungura alisujudu mpaka masikio yakagusa vumbi.

"Mheshimiwa, jiji lote linasema sheria yako imefaulu. Lakini jiji safi lisilokaguliwa na mwenye jiji ni sawa na manyoya mazuri gizani. Nani atayaona?"

Simba akanyoosha shingo. "Kukagua," akasema. "Nilikuwa nimeshalifikiria hilo."

Kesho yake jua lilipopanda, Simba alishuka polepole kutoka mwambani, manyoya yamechanwa, mkia umeinuliwa. Wananchi walikuwa kwenye foleni, kila mmoja na mguu wake juu ya jiwe lake. Nyani alikuwa amesimama juu ya lake kwa mikono, miguu hewani. Walioadhibiwa walikaa pembeni: Kobe, wengine wengi, na Swala na mwanawe, ambaye magoti yalikuwa yakimtetemeka. Katikati ya foleni yaling'aa mawe meupe, moja, na moja, na moja, pasipo mguu juu yake. Fisi alikuwa kivulini. Mkoromo wake ulisikika hadi mferejini.

Simba akatembea, akatazama, akaridhika. Alipofika katikati, Sungura akajitokeza, akaimba kwa sauti:

"Taka ni taka, haina kaka,
ukiiacha, nakudaka."

Fisi akashtuka usingizini. Mtu anaweza kulala katikati ya radi, lakini wimbo wake mwenyewe humwamsha. Akaja mbio.

"Nani anaimba wimbo wa ofisi?"

"Mimi," Sungura akasema. "Mheshimiwa Simba, nimekamata taka. Hizi hapa, nyeupe."

"Hayo ni mawe ya foleni, mjinga wewe."

"Ni kitu au si kitu?"

"Ni kitu, lakini..."

"Kimeachwa kando ya mfereji?"

"Kila jiwe liko kando ya mfereji."

"Na mwenyewe alikuwapo pale kilipo? Maana sisi tumesikia mkoromo kutoka kule, na mawe yako huku."

Kicheko kikapita kwenye foleni kama upepo kwenye mtama.

"Mheshimiwa," Fisi akamgeukia Simba, "hii ni desturi. Jiwe lako ni wewe. Watoto wanajua."

"Desturi ilikuwapo," Sungura akasema, "sheria ikaja juu yake. Mimi niliuliza kikaoni, chochote? Ukaniambia, tukianza kuchagua, mwizi atapita katikati ya maneno. Nikarudi nyumbani nikajifunza. Leo nimefaulu, mwalimu wangu, unanikasirikia?"

"Mbona wengine huwakamati?" Fisi akafoka.

"Wengine wamesimama na mawe yao. Wewe pia simama na yako. Tutakungoja."

Fisi akaruka juu ya jiwe la kwanza. "Haya, nipo."

"Upo hapo. Na pale?"

Akarukia la pili. Sungura akaonyesha la kwanza. Akaweka mguu wa mbele kwenye moja na wa nyuma kwenye jingine, akajinyoosha mpaka tumbo likagusa mchanga. Bado mawe yalikuwa yamebaki upande huu na upande ule. Akajaribu kulivuta moja kwa meno, likamteleza.

"Bwana Afya," Nyani akaita kutoka juu ya jiwe lake, "babu yako alishindwa na njia mbili tu. Wewe unajaribu foleni nzima?"

Wakacheka mpaka Ngiri akakaa chini. Fisi alikuwa amelowa jasho. Macho yake yakazunguka, yakamwangukia Simba, yakatulia. Akajikusanya, akainamisha kichwa, na ile sauti ya mafuta ikarudi.

"Mheshimiwa, nilikuwa nimenyamaza kwa heshima. Sasa wamenilazimisha niseme. Mawe haya si yangu. Ni yako. Nilikuwa nakutunzia. Na cha Mheshimiwa Simba si taka, sheria imesema."

Swala akamvuta mwanawe karibu. Kila mtu aliona mlango unafungwa, hata Kobe akaingiza kichwa. Simba akayatazama mawe yale, meupe, mengi, akayapenda.

"Yangu?" akasema. "Nilikuwa..." Akasita, kwa sababu hilo kweli hakuwa amelifikiria.

"Hongera, Mheshimiwa," Sungura akasema, akasujudu. "Sisi hatukujua kama una zamu nyingi hivi. Jiwe likiwa lako, na zamu ni yako. Ila kuna jambo moja sijalielewa. Juzi nilimwona Bwana Afya anakunywa kwa jiwe lile. Jana aliogea kwa hili. Na zile nyingine alipewa Mbweha, kwa nyama. Nyama yenyewe ilikufikia, Mheshimiwa?"

Simba akageuza kichwa taratibu. Simba anaweza kusamehe jiji kukosa maji. Kunyweshwa Mbweha maji yake, hapana.

"Fisi," akasema. "Umeoga kwa maji yangu?"

"Hapana, Mheshimiwa. Yale yalikuwa yangu."

"Basi jiwe ni lako?"

"Ni langu... yaani..."

"Kama ni lako, ni taka," Sungura akasema.

"Si langu."

"Kama si lako, ni la Mheshimiwa, nawe umemwibia."

"Sijamwibia."

"Basi ni lako."

Fisi akatazama kushoto, akatazama kulia. Upande mmoja palikuwa na sheria yake, upande wa pili palikuwa na meno ya Simba. Akachagua kama ambavyo kila mwenye ngozi angechagua.

"Ni yangu, Mheshimiwa," akasema kwa sauti ndogo. "Yote. Ni taka."

"Ni taka," Simba akatangaza. "Zamu zote ziende kwa aliyemkamata, kama sheria ilivyosema."

Wote wakamgeukia Sungura. Alikuwa amesimama katikati ya mawe meupe, mengi kuliko alivyowahi kumiliki mtu mmoja katika jiji lile isipokuwa yule aliyekuwa akitetemeka mbele yake. Na yeye alikuwa na kiu. Akayatazama mawe. Akalitazama shimo, lililokuwa likijaa polepole. Akapitisha ulimi midomoni. Swala alimwona akifanya hivyo, akafumba macho.

"Jamani," Sungura akasema hatimaye, "leteni mawe yenu. Kila mtu arudi pake. Na msinisifu. Siwarudishii kwa wema, nawarudishia kwa kuwa nina miguu minne tu."

Kobe alimtafutia Swala jiwe lake vichakani, akalileta kwa kulisukuma na pua. Swala akaliweka mbele, na hakuna aliyepinga. Shimo likajaa. Akanywa lote, mpaka jiwe la chini likaonekana. Baadaye kidogo, mwanawe alinyonya mpaka povu likamjaa mdomoni, kisha akalia kwa sauti kubwa, kilio cha kudai zaidi, na foleni nzima ikatabasamu kama iliyosikia ngoma ya arusi.

Ikabaki adhabu ya Fisi. Kwa sheria yake, alipaswa kukosa maji mpaka mwezi uandame. Akalia, akajigaragaza, akasema atakufa.

"Mimi naona," Kobe akasema, "aliyetupa aokote."

Simba akakunja uso, akatazama mbinguni, akanguruma.

"Wananchi, baada ya kufikiri sana, nimeamua. Aliyetupa aokote. Ndiyo sheria mpya ya jiji. Nilikuwa nimeshalifikiria hili tangu mwanzo."

Madiwani wakapiga makofi kwa hekima hiyo. Nyani akasema ifanyiwe semina.

Fisi akaanza kuokota kutoka juu ya mfereji kwenda chini. Aliokota maganda aliyoyamwaga, vifusi alivyovichimba, na mfupa wa paja aliomwekea Swala, ambao aliulamba kwanza. Zamu yake ya maji alipewa, moja kama kila mtu, mwisho wa foleni. Alipoufikia mfupa mkubwa wa Simba uliolala katikati ya mfereji, akauliza, "Na huu?"

"Huo acha," Simba akasema. "Ni kumbukumbu."

Ukaachwa. Lakini maji yakijikusanya nyuma ya kumbukumbu ile yalimwagika kwenye mchanga, na walio nyuma ya foleni wakaanza tena kurudi na kiu. Walikuja tu kila asubuhi, wakasimama kando ya ule mfupa, wakautazama, wakamtazama Simba, wakautazama tena. Siku moja Simba alipita peke yake, akajifanya anaangalia ndege, na kwa mguu wa nyuma akausukuma mfupa nje ya mfereji. Maji yakashuka kwa kishindo.

Fisi alikuwa karibu, ameinama, mgongo unamuuma. Alipomwona Kobe anapita na jiwe lake bapa, akamlalamikia. "Mzee Kobe, tazama walivyonifanyia. Sheria yangu mwenyewe, maneno yangu mwenyewe, wimbo wangu mwenyewe. Hata wewe hunipi pole?"

Kobe hakusimama. Safari yake ya shimoni ilikuwa ndefu, na leo zamu ilikuwa yake.

"Mwanangu," akasema, "mwiba wa kujidunga hauambiwi pole."